Anayesubiri Saa Nzima ya Utulivu Hatasoma Biblia

Juma lililopita, baada ya kipindi cha mafundisho, ndugu mmoja aliniambia kwa unyonge kwamba ameacha kusoma Biblia kwa sababu kazi yake mpya inamtoa nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kwa hiyo "muda wa Mungu" haupo tena. Nimefundisha madarasa ya uanafunzi kwa miaka 16, na maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa akina mama wenye watoto wachanga, kwa madereva, na kwa wahasibu walioelemewa na kufunga hesabu. Kila mara nyuma yake ipo imani ile ile: kwamba usomaji wa kweli ni ule wa alfajiri, katika upweke, kwa saa nzima, sura tatu au nne kwa siku, na kwamba pungufu ya hapo ni kumpa Mungu makombo. Imani hiyo ni kosa, na nimechoka kuona watu wanaompenda Mungu wakifunga Biblia zao kwa sababu ya kosa hilo.

Mstari unaotajwa zaidi kuitetea ni Marko 1:35, unaosema kwamba Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, "akaomba huko." Aliomba. Mstari huo hausemi lolote kuhusu kusoma, na tunapomwona akisoma, katika Luka 4, yumo ndani ya sinagogi siku ya sabato, mbele ya watu, na chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya amekabidhiwa hapo hapo. Alfajiri ni saa njema, nami huipenda, na aliye nayo aitumie. Lakini Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya BWANA "mchana na usiku," na Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka maneno hayo yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Tena yuko yule towashi wa Ethiopia katika Matendo 8, mtu aliyeshika hazina yote ya malkia Kandake, ambaye sidhani kama kuna mhasibu darasani kwangu aliyemzidi kwa shughuli: alikuwa akisoma Isaya garini, barabarani, tena kwa sauti, maana mhubiri Filipo alimsikia kabla hawajasemezana. Filipo hakumwambia asubiri afike nyumbani. Alimuuliza kama anayafahamu anayoyasoma.

Kuna jambo ambalo hulisema darasani kwa hofu kidogo. Hakuna mahali Biblia inapomwamuru kila mwamini afungue nakala yake kila siku. Amri iliyo karibu zaidi, katika Kumbukumbu la Torati 17, ni ya mfalme, aliyetakiwa kujiandikia nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake. Watu wa mji wa Beroya, katika Matendo 17, waliyachunguza maandiko kila siku, nao wanasifiwa kwa hilo, lakini sifa si amri. Kwa karne nyingi, kabla ya uchapaji wa Gutenberg katika miaka ya 1450, waamini wengi hawakuwa na Biblia nyumbani. Walisikia Neno likisomwa kusanyikoni, wakalibeba kichwani. Ninajua wapo watakaoligeuza jambo hili kuwa ruhusa ya kutosoma, na sina uhakika kama hofu yangu hiyo ni ya kichungaji au ni ya mwalimu anayeogopa kupoteza wanafunzi. Mimi husoma kila siku kwa sababu nasahau. Nikikaa siku nne bila Neno, hasira yangu huanza kusikika kwangu kama hekima.

Linaloniudhi kuliko saa ni hesabu ya sura. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukizigawa kwa siku 365 unapata tatu na kidogo kwa siku, na hapo ndipo mipango mingi ya mwaka mmoja inapozaliwa. Lakini sura hizo hazikutoka katika kalamu ya Musa wala ya Paulo. Mgawanyo tulio nao unahusishwa na Stephen Langton, mwanatheolojia Mwingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Ni vibao vya kutuonyesha njia, vyenye msaada mkubwa kwa anayetafuta mahali. Havikuwekwa viwe kipimo cha chakula cha siku. Zaburi 117 ina mistari miwili na Zaburi 119 ina 176. Anayesema amesoma sura moja hajaniambia chochote.

Tena sura hukata maneno katikati. Wimbo wa Mtumishi wa BWANA, ambao wengi wetu huuita Isaya 53, huanzia 52:13, kwa maneno "Tazama, mtumishi wangu." Aliyefunga Biblia mwishoni mwa sura ya 52 ameacha mlango wazi na kuondoka, anayeanza sura ya 53 kesho yake anaingia bila kujua ni nani anayeongelewa. Mwanzo 2:1-3, siku ya saba, ni mwisho wa juma lililoanza katika sura ya kwanza, na msomaji wa sura moja kwa siku humaliza uumbaji bila pumziko. Paulo anaposema katika 1 Wakorintho 11:1 "Mnifuate mimi," anafunga hoja ya sura ya 10. Kwa hiyo mimi humwambia mwanafunzi: soma mpaka wazo likamilike, hata kama ni mistari sita, hata kama ni sura mbili, kisha simama.

Kutoka katika hesabu ya sura huzaliwa jambo baya zaidi, nalo ni deni. Muuguzi mmoja wa zamu za usiku aliniletea Biblia yake ili nimsaidie "kulipa." Utepe ulikuwa umekaa Walawi 13, kwenye sheria za ukoma, na pembeni mwa karatasi ya mpango alikuwa ameandika kwa penseli sura alizozikosa: 41. Kwa kuanzia Mwanzo na kwenda sura tatu na kidogo kwa siku, mtu hufika Walawi mwishoni mwa Januari, na hapo ndipo zamu mbili za mfululizo zinapotosha kumwangusha. Yeye alikuwa amejilimbikizia deni hilo mwezi mzima, na kila alipoiona Biblia aliona 41. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Uskoti aliyewapangia washirika wake wa mji wa Dundee mpango wa mwaka mzima mnamo 1842, aliorodhesha hatari zake kabla ya faida: kwamba wengine watasoma kama desturi tupu, na kwamba kwa wengine utakuwa nira nzito kupita uwezo wao. Mpango wake umeenea sana; onyo lake ni nadra kulisikia.

Tulifuta ile 41. Alihamisha utepe hadi Marko, na akachagua dakika 15 anazozipata anaporudi kutoka kazini, kabla ya kulala, saa ambayo wengine huiita asubuhi na yeye huiita usiku. Dakika hizo, kwa mwaka, ni zaidi ya saa 91. Sikumchagulia muda, nilimuuliza tu ni jambo gani analifanya kila siku bila kukumbushwa, nasi tukaufunga usomaji hapo. Kuhusu simu nitasema kwa kifupi: ukisomea humo, zima taarifa kwanza. Kuhusu kusikiliza Biblia iliyorekodiwa wakati wa kupika au kutembea, nimebadili mawazo mara mbili na huenda nikabadili tena. Kwa sasa ninaihesabu kuwa ni kusoma, kwa kuwa waamini wa kwanza walisikia, ila namwomba msikilizaji arudie kwa sauti yake walau mstari mmoja.

Walawi hatukuiacha. Aliirudia baada ya miezi kadhaa, na alipofika tena sura ya 13 alinipigia simu kuniuliza kwa nini kuhani alimtazama mgonjwa, akasubiri siku saba, kisha akamtazama tena. Tuliongea hadi zamu yake ilipokaribia.