Je, wajua huduma ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona hupimwaje?

Hospitali huhesabu waliopona. Kwa mwenye saratani iliyokwisha kusambaa hesabu hiyo haina kazi, maana kwa kawaida atafariki hata akihudumiwa vizuri. Kwa hiyo watoa tiba shufaa Afrika, yaani huduma ya kupunguza mateso ya ugonjwa, hutumia kipimo kiitwacho APCA African POS, kilichobuniwa kupitia chama chao, APCA, chenye makao Kampala.

Ni maswali 10 tu, mengi kuhusu siku 3 zilizopita. Mgonjwa huulizwa 7: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kuwaambia ndugu anavyojisikia, kama anaona maisha yana maana, kama moyo umetulia, na kama familia imesaidiwa kupanga ya mbele. Anayemuuguza huulizwa 3: maelezo aliyopewa, anavyojiamini kumhudumia, na wasiwasi wake. Alama ni 0 hadi 5, na asiyesoma hujibu kwa mkono: ngumi ni 0, vidole vyote ni 5.

Mtego upo kwenye kujumlisha. Swali la 1 hadi 3 na la 10, ngumi ndiyo heri. La 4 hadi la 9, heri ni vidole vitano. Usipogeuza alama za upande mmoja, 5 iwe 0, jumla ni upuuzi. Hata ukigeuza, jumla huficha jambo lenyewe, kwa hiyo soma swali kwa swali.

Tuseme wodini maumivu yalikuwa 4, mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ikayashusha hadi 1. Wiki moja nyumbani, 4 tena, na dozi haijabadilika. Tazama swali la 9, la kujiamini: anayemuuguza ameonyesha kidole kimoja. Hapo fuatilia makabidhiano ya kutoka wodini kwenda nyumbani. Je, aliambiwa dawa ni kila baada ya saa 4, na ya kulalia ni dozi mbili kwa pamoja, au anasubiri mgonjwa alalamike? Dawa ya kulainisha choo iliandikwa? Isipoandikwa choo hufunga, na wengi huacha mofini kimyakimya. Chupa ilipoisha, nani wa karibu angeandika nyingine? Uganda tangu 2004 si madaktari tu, hata wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika, na hilo hufupisha safari sana.

Usimuulize mgonjwa mbele ya ndugu, vidole vya maumivu hupungua. Na aliyezidiwa hajibu tena, kwa hiyo wastani wa kituo hupendeza kwa kuwa walio hoi wametoka kwenye hesabu. Andika kila mara ni wangapi hawakujibu, na kwa nini.