Je, wajua kwa nini Kanali Talbot aligawa ardhi kwa penseli?

Daftari la ardhi huandikwa kwa wino. Thomas Talbot, Mwairishi aliyezaliwa Malahide karibu na Dublin mwaka 1771, aliandika kwa penseli, na raba aliiweka karibu.

Mwaka 1803 alishuka pwani ya kaskazini ya Ziwa Erie, leo jimbo la Ontario, Kanada, akiwa na ekari 5,000 za msitu alizopewa na serikali ya Uingereza. Mkataba ulikuwa mtamu: kwa kila familia aliyoipa ekari 50, yeye alistahili 200. Baadaye akaachiwa agawe na ardhi ya serikali iliyopakana naye.

Mwenye shida ya shamba alimfuata kwake, kwenye nyumba ya magogo aliyoiita, bila haya, Kasri la Malahide. Ndani hakuingia. Alijieleza dirishani huku kanali akimpima kwa macho. Akikubaliwa, jina lake liliandikwa kwa penseli juu ya kiwanja kwenye ramani, basi. Hati hakupewa.

Kisa cha penseli? Sehemu nyingi za koloni, watu walijitwalia ardhi wakailaza, wakingoja bei ipande. Aliyelima katikati yao alikosa jirani, akakosa hata njia ya kupeleka ngano kinuni. Talbot akaweka sharti: jenga nyumba, fyeka ekari kadhaa, fungua kipande cha barabara mbele ya shamba lako. Ukitimiza, unapewa cheti cha kwenda kulipia hati miliki. Ukizembea, jina linafutwa na kiwanja kinapata mwingine. Hata aliyetaka kuuza shamba alilazimika kurudi dirishani na mnunuzi wake, jina moja lifutwe, jingine liandikwe.

Ujanja huo ulizaa Barabara ya Talbot, iliyosifika kuwa miongoni mwa njia bora za koloni zima, kwa jasho la walowezi wenyewe. Ila ulimpa pia usultani. Ofisi ya ardhi iliyokuwa York, Toronto ya leo, haikujua nani anakaa wapi, kwani kumbukumbu zilikuwa kwenye ramani zake. Na mlowezi aliyekosana naye angeonyesha karatasi gani?

Miaka ya 1830 ikielekea ukingoni, serikali ilichoka, ikamtaka akabidhi ramani na usimamizi. Alifariki mwaka 1853. Mji wa St. Thomas unatajwa kuwa ulipewa jina lake, ingawa hakuna aliyewahi kumdhania kuwa mtakatifu.