Nasikia sauti, maneno siyaelewi: maswali kuhusu mashine za kusikia

Baba anasikia adhana, anasikia hodi mlangoni, lakini ukimwambia jambo anauliza "unasemaje?" Anapuuza?

Hapuuzi. Uziwi wa uzeeni, na wa watu waliofanya kazi miaka mingi kwenye kelele za mitambo, huanzia kwenye sauti nyembamba. Katika sikio la ndani kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zinazopokea sauti nyembamba ndizo hufa kwanza, na zikishakufa hazioti tena. Sauti nzito anaendelea kuzisikia.

Irabu zetu zina nguvu na ziko zaidi upande wa sauti nzito, kwa hiyo baba anazipata vizuri. Konsonanti kama s, f, t na k ni hafifu, na nyingi ziko juu kwenye sauti nyembamba. Sasa tamka: saa, taa, kaa, paa, faa. Kwa baba yako yote hayo ni "aa". Anajua umesema kitu, kisha anakisia kwa kutazama midomo na kufuata mada. Akikisia vibaya watu wanacheka, au wanakasirika, na baada ya muda anaacha kuchangia mazungumzo. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko uziwi wenyewe.

Kumfokea hakusaidii sana, kwa sababu kunazidisha irabu tu. Keti mbele yake, mwanga uwe usoni pako, sema polepole kwa sauti ya kawaida. Asipoelewa, usirudie neno lilelile. Liseme kwa namna nyingine.

Tumeona mashine mtandaoni kwa bei nafuu. Tununue?

Hapana, msinunue kabla ya kipimo. Vingi vya vifaa hivyo ni vikuza sauti tu: vinaongeza kila kitu kwa pamoja, maneno, feni na honi za barabarani. Baba hakosi sauti nzito, na kikuza sauti kinamzidishia hizohizo. Kikipita kiasi, kinaweza kuharibu hata usikivu uliobaki.

Anzeni kwa daktari wa masikio, pua na koo. Pengine ni nta imeziba sikio, na ikitolewa tatizo linakwisha. Kama sikio linatoa usaha, linauma, kuna kizunguzungu, au uziwi uko upande mmoja tu, daktari amwone kabla ya habari ya mashine. Na mtu akipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ipo dawa ya kujaribu, na inasaidia zaidi ikianza mapema.

Baadaye hufuata kipimo cha usikivu. Baba anakaa kwenye chumba tulivu, anavaa vipokea sauti masikioni na kubonyeza kitufe kila asikiapo mlio, kuanzia mlio mzito wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8000. Majibu yanachorwa kwenye grafu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, anayesikia milio iliyo chini ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ana usikivu wa kawaida. Kama hata sikio lililo bora halisikii mlio mpaka uvuke desibeli 35, hicho ni kiwango cha uziwi kinachohitaji huduma, na shirika hilo linakadiria watu zaidi ya milioni 430 duniani wako hapo.

Ombeni pia kipimo cha maneno, tena kwa Kiswahili: mtaalamu anataja neno, baba analirudia. Grafu inaonyesha anachosikia. Kipimo cha maneno kinaonyesha anachoelewa sauti ikishamtosha. Kama hata sauti ikitosha anapata maneno machache tu, mashine itamsaidia, lakini haitamrudishia yote, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa.

Tuchague aina gani?

Watu wengi huulizia ile isiyoonekana. Kwa mzee mimi hupendelea inayokaa nyuma ya sikio, yenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Ina nguvu ya kutosha na vidole vinavyotetemeka vinaimudu. Zile ndogo zinazoingia ndani huzibwa upesi na nta. Kwa wakazi wa Pwani kuna jasho na unyevu pia: usiku iwekwe kwenye kopo lenye dawa ya kukausha unyevu, mlango wa betri ukiwa wazi.

Kabla ya kulipa, hakikisheni betri zake zinapatikana mjini kwenu. Namba 13 ina kibandiko cha rangi ya chungwa, 312 kahawia, 675 buluu. Kibandiko kikishabanduliwa, betri huanza kuisha hata ikiwa haitumiki.

Tulinunua ya bei kubwa. Baba anasema inapiga kelele, sasa iko kabatini.

Mashine nyingi huishia huko, na mara nyingi kasoro ni ya urekebishaji. Kompyuta inaweza kukisia kiwango cha sauti kutokana na grafu, lakini makisio yake yanafuata sikio la wastani. Tundu la sikio la baba lina urefu na upana wake, na sauti inayofika kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba mwishoni mwa tundu, inaweza kuwa tofauti kabisa na inayoonyeshwa kwenye skrini.

Namna ya kujua ni kupima humohumo sikioni. Mtaalamu anaingiza mrija laini, mwembamba, mpaka karibu na kiwambo, kisha anamvalisha mashine juu yake. Spika iliyo mbele inatoa mazungumzo yaliyorekodiwa, kwanza ya chini, kisha ya kawaida, kisha ya juu. Kwenye skrini kuna mistari miwili: sauti inayofika na sauti inayotakiwa kwa uziwi wa kiwango chake, iliyokokotolewa kwa kanuni kama NAL-NL2 ya Australia au DSL ya Kanada. Mtaalamu anapandisha na kushusha mpaka mistari ikaribiane. Mashine ya bei ya kati iliyopimwa hivi naiamini kuliko ya bei kubwa iliyovalishwa kwa makisio.

Kwa hiyo mrudisheni baba alikovalishwa mashine, na mwulize: mnaweza kupima ndani ya sikio akiwa ameivaa? Kama hawana kifaa hicho, wampime maneno akiwa na mashine na akiwa bila mashine, mwone tofauti.

Pia ubongo uliokaa miaka bila sauti nyembamba unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Avae kila siku, aanzie kwenye ukimya wa nyumbani.

Moja haitoshi?

Kama masikio yote mawili yamepungua, mbili ni bora. Ubongo hutumia masikio mawili kujua sauti inatoka wapi na kumtenga msemaji na kelele.

Na harusini?

Hapo kila mashine huelemewa. Yenye maikrofoni za mwelekeo husaidia kama msemaji yuko mbele na kelele ziko nyuma. Dawa iliyo bora ni kusogea: umbali kati yenu ukipungua nusu, sauti yako inaongezeka kwa takriban desibeli 6. Mketisheni mbali na spika, ukuta uwe nyuma yake.

Inapiga mluzi.

Kizibo hakijakaa sawasawa, au kuna nta. Kivueni, kisafisheni, kivalisheni tena. Ukiendelea, kizibo kimelegea, kitengenezwe kingine.

Mtoto wetu ana miezi minane na hashtuki hata kwa kishindo. Tusubiri akue?

Msisubiri hata wiki. Lengo la wataalamu ni mtoto apimwe akiwa na mwezi 1, tatizo lithibitishwe kufikia miezi 3, na msaada uanze kufikia miezi 6, kwa sababu lugha hujengeka miaka ya mwanzo. Kuna vipimo visivyohitaji ajibu. Anapimwa akiwa amelala. Akipewa mashine, vizibo vitabadilishwa mara kwa mara maana sikio linakua. Kama uziwi ni mkubwa mno na mashine hazimfikishii maneno, ulizeni kuhusu kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji katika sikio la ndani. Kwa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017.