Okinawa na kambi za Marekani: yanayosemwa na yaliyopo

Okinawa, mkoa wa visiwa kusini mwa Japani, ni asilimia 0.6 tu ya ardhi ya nchi hiyo, lakini imebeba karibu asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na majeshi ya Marekani peke yao nchini humo. Kwenye kisiwa kikuu, kambi zimekalia kama asilimia 15 ya ardhi. Takwimu hizo hazibishaniwi na mtu, si Naha, makao makuu ya mkoa, wala Tokyo. Zinazobishaniwa ni sababu zake, na hapo ndipo maneno ya uongo yanapopata pa kuota.

"Kambi zilijengwa porini, watu ndio waliozifuata"

Hili husemwa zaidi kuhusu Futenma, uwanja wa ndege wa kikosi cha Marine (askari wa majini wa Marekani wanaopigana pia nchi kavu) uliopo katikati ya mji wa Ginowan. Una hekta 480 hivi, njia ya kurukia ya mita 2,700, na umemeza karibu robo ya ardhi ya mji. Ukiutazama kutoka angani, uwanja ni kidole na mji ni pete. Mgeni akiona nyumba zilivyobanana na uzio, anahitimisha haraka kwamba watu walifuata biashara ya askari.

Kabla ya 1945 palikuwa na vijiji mahali hapo: ofisi ya utawala, shule, mashamba ya miwa na viazi vitamu, na barabara maarufu iliyopandwa misonobari kila upande. Wamarekani walitua Okinawa Aprili 1, 1945. Mapigano yaliyodumu hadi mwishoni mwa Juni yaliua watu zaidi ya 200,000, na kwa hesabu ya mkoa, kama 94,000 kati yao walikuwa raia wa kawaida wa Okinawa. Walionusurika walikusanywa kwenye kambi za wakimbizi, na wakiwa huko ndipo uwanja ulipojengwa. Waliporuhusiwa kurudi, nyumba zilikuwa zimefunikwa na lami. Walijenga kando ya uzio kwa sababu ndiko kulikobaki kipande cha ardhi yao.

Awamu ya pili ilikuja vita vikiwa vimekwisha kitambo. Mkataba wa San Francisco ulipoanza kutumika Aprili 28, 1952, Japani ilirudishiwa uhuru wake, lakini Okinawa ikaachwa chini ya utawala wa Marekani hadi Mei 15, 1972. Katika miaka hiyo askari waliingia mashambani na kuyachukua, Isahama na kisiwa cha Ie zikiwa kesi zinazojulikana zaidi. Wenyeji wanakiita kipindi hicho "singe na buldoza", na hawasemi kwa mafumbo. Mwaka 1956 Wamarekani walipopendekeza kulipa kodi ya pango la ardhi ya miaka mingi kwa mkupuo mmoja, watu waliona wazi kuwa huo ni ununuzi uliovishwa jina la kodi, na kisiwa kizima kikalipuka kwa maandamano.

Ndiyo maana umiliki wa ardhi za kambi Okinawa haufanani na wa kwingine Japani. Bara, kambi nyingi zipo kwenye ardhi ya serikali iliyokuwa ya jeshi la zamani la kifalme. Okinawa, sehemu kubwa ni ya watu binafsi na ya halmashauri. Tokyo huikodi kwao, kisha huwapa Wamarekani waitumie bila kuilipia.

"Kambi zikiondoka, Okinawa itakufa njaa"

Dai hili lilikuwa na uzito zamani. Katikati ya miaka ya 1960, mapato yatokanayo na kambi (mishahara ya wafanyakazi, kodi ya pango la ardhi, matumizi ya askari) yalifika kama asilimia 30 ya pato la mkoa. Kufikia 1972 yalikuwa asilimia 15 hivi. Miaka ya karibuni ni kati ya 5 na 6. Waajiriwa wa Kijapani kambini Okinawa ni kama 9,000, na sehemu kubwa ya mishahara yao inatoka hazina ya Japani.

Kipimo kizuri zaidi ni ardhi iliyokwisha kurudishwa. Chukua Naha Shintoshin, zamani makazi ya familia za askari, yaliyorudishwa kikamilifu mwaka 1987. Kwa hesabu ya mkoa, mzunguko wa uchumi wa moja kwa moja pale ulipanda kutoka yeni bilioni 5.2 kwa mwaka hadi bilioni 163.4, na ajira kutoka 168 hadi zaidi ya 15,000. Mihama na maeneo jirani huko Chatan, palipokuwa na uwanja mdogo wa ndege, yalipanda mara 108. Leo ni maduka na mikahawa, na jina la mtaa huo, kwa kejeli ya historia, ni American Village.

Lakini usidhani ardhi inarudi leo na kesho panafunguliwa duka. Viwanja ni vidogo na wamiliki ni wengi, kwa hiyo hupangwa upya: kila mmoja anakatwa kipande kwa ajili ya barabara na bustani. Kisha udongo unapimwa sumu na kutafutwa mabomu ya 1945 ambayo hayakulipuka. Halafu wanaingia wataalamu wa mambo ya kale, maana chini ya kambi kuna makaburi na mabaki ya vijiji. Makazi ya Nishi-Futenma, hekta 51 tu, yalirudishwa 2015, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Ryukyu ikafunguliwa hapo Januari 2025.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Okinawa imekuwa mkiani Japani kwa kipato cha mtu mmoja kwa miaka mingi, na wapo wenye ardhi wanaotegemea kodi ya kambi wasiotaka irudishwe upesi. Hao hawaonekani kwenye mabango.

"Jiografia ndiyo iliyochagua Okinawa"

Naha iko karibu zaidi na Taipei kuliko Tokyo, hilo ni kweli. Ila Divisheni ya 3 ya Marine, ambayo ndiyo hoja ya kila siku, miaka ya 1950 ilikuwa Gifu na Yamanashi, Japani bara. Ilihamia Okinawa wakati wananchi wa bara walipokuwa wakipinga kambi kwa nguvu, kule Uchinada na baadaye Sunagawa. Bara walikuwa na wabunge wa kuwasikiliza. Okinawa ilikuwa chini ya jenerali wa Kimarekani. Hata leo, meli za kuwabeba Marine hao hukaa Sasebo, mkoani Nagasaki, na Washington yenyewe ilikubali mwaka 2012 kuhamisha kama 9,000 kati yao nje ya Japani. Mwishoni mwa mwaka huohuo waziri wa ulinzi wa Japani, Morimoto Satoshi, alisema kuwa kijeshi si lazima iwe Okinawa, bali kisiasa ndipo panapofaa. Sijawahi kuona hoja ya jiografia ikijibiwa kwa maneno machache kuliko hayo, tena na mwenye nyumba.

"Askari wa Marekani hashtakiwi kabisa"

Hii ni dhana potofu ya upande wa wapinzani, na inawadhuru wenyewe kwa sababu ni rahisi kuipangua. Askari watatu waliombaka msichana wa miaka 12 Septemba 1995 walihukumiwa na mahakama ya Naha, vifungo vya kati ya miaka sita na nusu na saba. Mfanyakazi wa kambi, aliyewahi kuwa Marine, alihukumiwa kifungo cha maisha 2017 kwa mauaji ya mwaka uliotangulia.

Tatizo liko ndani ya vifungu. Mkataba wa hadhi ya majeshi wa 1960, kifungu cha 17, unagawa haki ya kushtaki hivi: kosa lililotendwa kazini, au kati ya Wamarekani wenyewe, kwanza ni la Marekani, mengine kwanza ni ya Japani. Ila mtuhumiwa akiwa tayari mikononi mwa Wamarekani, hubaki humo mpaka waendesha mashtaka wa Kijapani wamfungulie kesi rasmi. Maana yake polisi wanapeleleza huku mtuhumiwa yuko nyuma ya uzio. Baada ya 1995, Marekani ilikubali "kufikiria kwa huruma" kumkabidhi mapema kwenye mauaji na ubakaji. Kufikiria, si kulazimika. Mkataba wenyewe haujabadilishwa hata neno tangu 1960.

Juu ya hapo kuna makubaliano ya pembeni. Nyaraka zilizotolewa hadharani 2011 zinaonyesha kuwa mwaka 1953 Japani iliwaahidi Wamarekani kimyakimya kutotumia haki yake ya kushtaki isipokuwa kwenye kesi zenye uzito wa pekee. Na kumbukumbu nyingine ya makubaliano inasema Japani kwa kawaida haitapekua wala kushika mali ya jeshi la Marekani, popote ilipo. Hilo la "popote" lilionekana Agosti 13, 2004, helikopta ya CH-53D ilipoanguka kwenye jengo la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa. Moto ulipozimwa, askari wa Marekani walizingira eneo la chuo, ardhi ya Japani, na kuwazuia polisi wa Japani wasikague mabaki. Msomaji wa Kenya aliyefuatilia mabishano ya nani amhukumu askari wa Kiingereza Nanyuki ataona harakaharaka kwamba vita vyote viko kwenye maandishi madogo.

Kuna pia suala la taarifa. Makubaliano ya 1997 yanataka mkoa uarifiwe makosa mazito yanapotokea. Mwanajeshi wa anga alishtakiwa Machi 2024 kwa kumteka na kumdhulumu kingono msichana chini ya miaka 16, na serikali ya mkoa ilikuja kujua Juni, kupitia vyombo vya habari.

"Kelele zimedhibitiwa, kuna makubaliano"

Yapo, ya 1996: hakuna kuruka kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Kisha soma mkia wake: isipokuwa inapohitajika kwa shughuli za kijeshi. Anayeamua kama inahitajika ni kamanda. Majirani wa Kadena, kambi kubwa ya ndege za kivita za Marekani, walishtaki, na Februari 2017 mahakama iliwapa watu kama 22,000 fidia ya yeni bilioni 30. Kuzuia ndege zisiruke ikakataa, ikisema serikali ya Japani haina mamlaka juu ya safari za jeshi la Marekani. Ule mkataba wa 1960 unataka Marekani ichangie fidia, hadi asilimia 75 kosa likiwa lake peke yake. Kwenye kesi za kelele imekataa kuwa inawajibika, na mlipakodi wa Kijapani ndiye anayelipa.

"Wakiondoka watasafisha"

Kifungu cha 4 cha mkataba huohuo wa 1960 kinasema wazi kuwa Marekani haiwajibiki kurudisha ardhi kama ilivyokuwa wala kulipia. Wakati huohuo sumu haisubiri kuondoka. Aprili 10, 2020, mfumo wa kuzima moto kwenye banda la ndege Futenma ulijiwasha na kumwaga zaidi ya lita 220,000 za maji na povu lenye PFAS, kemikali zenye madhara zisizooza upesi. Nyingi zilivuka uzio kupitia mitaro. Matonge meupe yalipeperuka mitaani kama pamba, yakatua mtoni na karibu na watoto. Chanzo? Askari walikuwa wakichoma nyama kwa jiko karibu na banda, na joto likaamsha vitambuzi.

"Wanawachukia Wamarekani", au "wanalipwa na Wachina"

Gavana Denny Tamaki, aliyechaguliwa 2018 na tena 2022 akipinga ujenzi wa kambi mpya, ni mtoto wa askari wa Marine. Aliyemtangulia, Onaga Takeshi, alikuwa mhafidhina mkongwe wa chama kinachotawala. Chakula ambacho vijana wa Okinawa hujivunia, wali wa nyama na viungo vya taco, kilibuniwa mji wa Kin, mlangoni mwa kambi. Lawama nzito zaidi zinaelekezwa Tokyo. Na kile kipindi cha televisheni cha Januari 2017 kilichodai kuwa waandamanaji hulipwa posho, bodi ya maadili ya utangazaji ya Japani ilikikuta na makosa mazito mwaka huohuo.

"Futenma inahamia Henoko, jambo limekwisha"

Aprili 1996 serikali mbili zilitangaza kuwa Futenma ingerudishwa ndani ya miaka mitano hadi saba, kwa sharti la kupata mbadala. Mbadala ukawa Henoko, pwani ya mji wa Nago: hekta 150 hivi za bahari zijazwe udongo, na njia mbili zenye umbo la V. Kura ya maoni ya mkoa ya Februari 24, 2019 ilipata asilimia 72 ya waliopinga. Malori yakaendelea kumwaga.

Upande wa ghuba ya Oura, sakafu ya bahari ni tope laini ambalo Wajapani wanalifananisha na mayonezi, na linashuka hadi mita 90 chini ya usawa wa bahari. Suluhisho la wahandisi ni kupigilia nguzo za mchanga kama 71,000 ili kulibana. Serikali ilikadiria gharama ya yote kuwa yeni bilioni 930 na muda wa miaka kumi na miwili kuanzia kibali. Gavana alikataa kutoa kibali hicho, mahakama ikamwamuru, akakataa tena, na Desemba 28, 2023 waziri wa serikali kuu akasaini kwa niaba yake. Kazi ya Oura ilianza Januari 2024.

Njia za Henoko zina urefu wa mita 1,800, mita 900 pungufu ya Futenma. Kwa hiyo makubaliano ya 2013 yaliweka masharti manane ya kurudisha Futenma, na mojawapo ni kupatikana kwa uwanja wa kiraia wenye njia ndefu wa kutumia wakati wa dharura. Juni 2017 waziri wa ulinzi Inada Tomomi aliulizwa bungeni itakuwaje sharti hilo lisipotimizwa. Alijibu kuwa Futenma haitarudishwa.