Wadakia Huru ni watu gani?

Jina "Wadakia Huru" ni la wanahistoria wa siku hizi. Wadakia walikuwa watu wa kale wa eneo ambalo leo ni hasa Romania, na jina hilo linahusu wale waliobaki nje ya Dola la Rumi baada ya mwaka 106, Kaizari Trajan alipomshinda mfalme wao Decebalus. Decebalus alijiua asije akakamatwa, na sehemu kubwa ya nchi yake ikawa jimbo la Rumi liitwalo Dacia. Lakini Trajan hakuitwaa ardhi yote. Ng'ambo ya mpaka, hasa kaskazini na mashariki ya milima ya Karpati, makabila yaliendelea kukaa chini ya wakuu wao wenyewe. Wanaotajwa zaidi ni Wakostoboki na Wakarpi, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu asili ya makabila hayo mawili.

Neno "huru" hapa lina maana moja tu: hawakutawaliwa na Rumi. Halina maana kwamba walijitenga nayo. Makazi yao yakichimbwa, hutoka vyungu vya Kirumi na sarafu za fedha za Kirumi. Vita navyo havikukosekana. Mnamo mwaka 170 Wakostoboki walishuka hadi Ugiriki, wakaharibu mahali patakatifu pa Eleusis. Miaka michache baadaye, enzi za Kaizari Commodus, Wadakia 12,000 waliofukuzwa kwao waliahidiwa ardhi ndani ya jimbo lenyewe.

Kwangu mimi, hakuna kinachoeleza hali hiyo vizuri kuliko jiwe moja la kaburi lililopatikana mjini Roma. Limeandikwa Kilatini, kwa ajili ya mwanamke aitwaye Zia, binti wa Tiatus. Linamtaja kuwa Mdakia, mke wa Pieporus, mfalme wa Wakostoboki. Waliolisimamisha ni wajukuu zake, Natoporus na Drilgisa, nao wanamwita bibi yao mpendwa sana. Majina yote ni ya kwao, si ya Kirumi. Lugha ni ya Warumi, na mji ni makao makuu ya dola ambalo kabila la mumewe lilipigana nalo.

Wakarpi walidumu zaidi. Kaizari Philip aliwashinda mwaka 247, akajipa cheo cha "Carpicus", yaani mshindi wa Wakarpi. Katika miaka ya 270 Warumi wenyewe waliihama Dacia. Kisha, enzi za Diocletian, Wakarpi wengi wakavushwa mto Danube na kupewa makazi ndani ya dola.