Kugeuza chupa: shampeni inavyosafishwa bila kupoteza gesi

Kugeuza chupa, kwa Kifaransa remuage, ni kazi ya kuyashusha mashapo ya shampeni, yaani mvinyo wenye gesi, kidogo kidogo mpaka yakusanyike shingoni, yapate kutolewa bila gesi kupotea. Mbinu hii ilizaliwa Reims, Ufaransa, katika kampuni ya Veuve Clicquot.

Kampuni hiyo ilianzishwa na Philippe Clicquot mwaka 1772. Mwanawe François alipofariki mwaka 1805, biashara ilishikwa na mjane wake, Barbe-Nicole Ponsardin, akiwa na miaka 27. Alikuta tatizo lililowasumbua watengenezaji wote: mvinyo mchafu. Mvinyo hutiwa hamira na sukari, kama gramu 24 kwa lita, kisha chupa hufungwa. Hamira hula sukari, hutoa gesi yenye shinikizo la angahewa 6 hivi, halafu hufa na kubaki humo humo kama mashapo. Ili kuyaacha, wengi waliuhamishia mvinyo chupa nyingine, na gesi ikatoroka.

Mwaka 1816 Ponsardin, akisaidiwa na msimamizi wa ghala lake, Antoine Müller, alianza kutumia ubao wenye matobo. Chupa huingizwa shingo kwenye tobo, ikiwa karibu kulala. Kila siku mgeuzaji huitikisa kidogo, huizungusha robo au thumuni ya mzunguko, na huinua kitako chake taratibu hadi isimame kichwa chini. Kwa mkono, kazi huchukua wiki 4 hadi 6.

Ugumu wake ni kwamba mashapo hayafanani: mazito huteremka upesi, mepesi huelea. Yale mazito ndiyo yanayopaswa kuyasukuma mepesi. Ukitikisa kwa nguvu, mepesi hutibuka, na itabidi chupa itulizwe kwanza. Mengine hung'ang'ania kioo kama utando, na hapo kugeuza hakusaidii. Ndiyo maana siku hizi udongo laini wa bentonaiti hutiwa pamoja na hamira ili mashapo yashikamane na kuteleza.

Mwishowe shingo huzamishwa kwenye kimiminika chenye baridi ya nyuzi -27 hivi. Kizibo kikifunguliwa, gesi hukifyatua nje kipande cha barafu chenye mashapo. Pengo hujazwa mvinyo, mara nyingi wenye sukari, kisha chupa huzibwa kwa kizibo cha gome la mti uitwao mkoki.

Tangu miaka ya 1970 zipo mashine zinazogeuza chupa 500 hivi kwa pamoja, na humaliza kwa takriban wiki moja. Ladha haibadiliki.