Proksi ama CDN: saiti yako yataka ipi?

Wengi wakianza kutengeneza saiti huuliza niweke proksi (programu inayokaa kati ya mtumiaji na seva na kupitisha maombi) ama niweke CDN (mtandao wa seva zinazoweka nakala za saiti yako karibu na watu), kama kwamba ukichukua moja umeikosa nyingine. Sivyo. CDN kwa ndani ni proksi vilevile, ila proksi yako wewe ni moja na imekaa palepale ilipo seva, na za CDN ni nyingi zimetawanywa miji tofauti.

Kuna proksi ya upande wa mtumiaji, ile ya maofisini inayopitisha kila anayetoka kwenda mtandaoni, hio tuiache. Inayomhusu developa ni ile ya mbele ya seva, mfano Nginx ama HAProxy, yaani bawabu: mgeni anamkuta yeye kwanza, naye ndo ajua huyu apelekwe chumba gani. Una seva moja ya kukodi, juu yake umepanga duka, blogu na API ya app (mlango ambao app huchukulia data), na zote zaitaka porti 443 (ile ya HTTPS), basi Nginx inapokea kila ombi, inamaliza mambo ya cheti cha HTTPS, alafu inaangalia jina la domeini na kutuma kwa programu yake. Kazi hio lazima ifanyike hata kama mteja yuko nyumba ya pili.

CDN inatibu umbali. Seva iko Frankfurt, mteja yuko Nyali, Mombasa, na simu yake, kila ombi lapita nyaya za baharini kwenda na kurudi, na mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde tu, sasa ukurasa una mapicha chungu nzima, hata ununue seva ya nguvu vipi masafa hayapungui ng'o. CDN inaweka nakala za picha, CSS na JavaScript karibu na mtu. Sisi wa Mombasa tuna bahati manake nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa 2009, na Cloudflare, kampuni ya CDN, walifungua kituo hapahapa 2015.

Kwa hivo kama seva yako iko Nairobi na wateja wote wako Kongowea hapa Mombasa, kwa kasi CDN haikuongezei kubwa, itakufaa zaidi ukivamiwa na DDoS, yaani maombi ya uongo mengi kwa mpigo ya kuilemea seva. Wateja wakiwa Mombasa, Dubai na London, weka CDN, na Nginx usiitoe.

Ila chunga kurasa za mtu alieingia na akaunti yake. Ukilazimisha CDN ihifadhi kila kitu, Mwanaisha atafungua aone oda za Juma, kwa hivo kurasa hizo zipe hedi ya Cache-Control: private, no-store, inayokataza kuhifadhi nakala. Na kolbeki ya M-Pesa, yaani taarifa ya malipo inayotumwa kwa seva yako, ni POST (ombi la kutuma data), kwa kawaida haihifadhiwi, lakini kinga ya maroboti ya CDN yaweza kuizuia mlangoni, pesa ikaingia na oda ikabaki haijalipwa.

Ukishaweka, piga curl -I kwenye terminal kwa picha moja ya saiti yako, uone hedi za jibu. Kwa Cloudflare angalia cf-cache-status, HIT maanake imetoka kwenye nakala, MISS imefuatwa mpaka kwa seva, na cf-ray huishia na kodi ya airport, ukiona MBA umehudumiwa hapahapa.